Mashimo Arubaini

Fomu yangu ina visanduku tisa.
Cha sita kinauliza UJUZI.
Sajini mstaafu Faki Mjaka, wa Mtambwe,
miaka ishirini na mmoja kazini, mguu wa kushoto una chuma,
aliigeuza kalamu kama anayetafuta inapofungukia,
akaniuliza: "Bibie, hapa mwataka nini?"

Nikamtajia: useremala, udereva, ushoni, kuku.
Serikali itakusaidia kwa hicho utakachojaza.

Akacheka kwa pua.
"Basi andika. Najua kulala nimesimama.
Najua risasi imetoka wapi, na kama aliyeipiga kaogopa.
Najua kumbeba mtu mzima kutwa nzima msituni
huku namsemesha asije akalala,
na kuendelea kumsemesha
hata mgongo wangu uliposhajua."

Kisanduku, upana wake vidole viwili.
Nikaandika: Kilimo.

Haki yake ilitoka baada ya miezi mitano:
miche arubaini ya mikarafuu kutoka kitalu cha serikali,
jembe, sururu, mbolea gunia moja,
posho ya robo mwaka, na mkono wa Mkuu wa Afisi.
"Mkarafuu huzaa mwaka wa saba," alisema.
Hakuuliza. Alisema tu, kama mtu anayesoma saa.
Mimi nikatazama feni.

Vuli nikatumwa kukagua.
Kina, futi mbili. Nafasi, hatua nane.
Mkewe, Time binti Shaame, alinipokea kwa bilauri ya maji
na maneno aliyokuwa ameyaweka siku nyingi:
"Serikali imenirudishia mume, mie nashukuru.
Ila imenirudishia kwa mafungu, kama hayo mafao yenu,
na fungu la mwisho halijafika.
Njoo uone alichochimba."

Halikuwa shimo. Lilikuwa handaki,
kina cha kifua, kuta zimenyooka kama za birika,
limetoka nyuma ya jiko hadi mpakani kwa jirani,
limepinda pahala patatu
ili bomu moja lisimalize watu wote.
Watu gani, sikuuliza.
Ndani mlikuwa na mkeka na tochi.

Na miche?
Kwa wengine nimekuta mifuko mitupu na mbuzi walioshiba.
Hapa yote arubaini ilikuwa hai,
safu nne, chini ya kivuli cha makuti,
maana mche wa mkarafuu jua la ghafla huuchoma;
hutolewa nje kidogo kidogo,
leo saa moja ya asubuhi, wiki ijayo mbili.
Hili tunalijua afisini. Limo kwenye kipeperushi, ukurasa wa pili.
Cha watu hatujakichapisha.

Kila alfajiri huiita kwa majina.
Wa kumi na saba ni Lwitiko. Una majani matatu.
Alipoutaja aliinamisha mgongo kidogo,
kama mtu anayeweka mzigo sawa,
na mimi nikaiangalia fomu yangu
ili nipate cha kuangalia.

"Utaandika nini?" akaniuliza kutoka chini,
kichwa chake usawa wa viatu vyangu.

Nikavua viatu.
Nikampa ncha moja ya utepe wa kupimia.
Tukapima, tukachomeka vijiti, tukarudisha udongo katikati;
Time akaja na beleshi bila kuitwa,
akajaza kwa nguvu, kwa hasira hasa,
kama anayeziba mdomo wa kitu.
Hata adhuhuri ikiadhiniwa tulikuwa na shimo moja la haki,
penye kona ya kwanza,
na Lwitiko kasimama ndani yake,
kakingiwa jua na kuti moja.

Sajini alibaki pale muda, anasema nao kwa sauti ya chini.
Hakuna aliyemkatiza.

Mashimo mangapi? iliuliza fomu.
Nikaandika: Moja.

Mkuu ameirudisha jana mezani kwangu,
kaandika pembeni kwa wino mwekundu:
Fafanua.