Vidato Kumi na Saba

Kutoka sakafu ya ghala hadi ofisi ya Bi Nthenya
ni vidato kumi na saba vya chuma.
Nimevihesabu kwa sababu kile cha tisa kimelegea,
na kila anayekikanyaga hujitangaza: kang'!

Siku waliponivika fulana ya njano
nilidhani nimepewa sauti.
Kumbe ni kitambaa tu,
na jasho chini yake ni lile lile.

Ilikuwa Ijumaa, Shimanzi, saa tisa alasiri,
vumbi la chai limetuganda kwenye kope.
Meli yafunga kupokea mzigo Jumapili alfajiri,
na magunia elfu mbili bado hayajapimwa.
Nikasimama juu ya paleti, nikasoma karatasi niliyopewa:
"Kampuni inatarajia ushirikiano wenu."

Hakuna aliyepiga kelele. Heri wangepiga.
Dzombo aliinama kufunga kamba za viatu,
naye kavaa ndara.
Nikapandisha sauti. Nikataja barua ya onyo.
Neno likaanguka katikati yetu
kama gunia lililopasuka,
na hapana aliyenyoosha mkono kuzoa.

Nikashuka. Karatasi nikaitia mfukoni.
"Haya, semeni nyinyi."
Kimya.
Aliyezoea kutosikizwa
hana haraka ya kusema.

Basi nikaenda kwenye mizani, mahali pangu pa miaka sita,
nikashika upande mmoja wa gunia, Shufaa akashika wa pili.
Gunia la nne, la tano. Kwenye la tisa akasema, bila kunitazama:
"Ulipokuwa hapa tulikohoa pamoja.
Siku hizi wakoholea wapi?"

Hapo ndipo yalipotoka.
Feni mbili zimekufa tangu Ramadhani.
Bodaboda ya usiku hadi Mshomoroni ni mia nne;
"nikikesha," alisema Nyevu, "namkeshea mwenye pikipiki."
Na Dzombo, aliyekuwa amenyamaza kuliko wote:
"Si kwamba hatutaki.
Hatujaombwa. Tumearifiwa."

Nikapanda. Kang'.
Mkononi nina kitambaa alichojifunga Shufaa puani,
cheupe asubuhi, sasa rangi ya kahawa tungu.
Nikakiweka mezani, kando ya kikombe cha Bi Nthenya.

"Wamekataa?"
"Hawajaulizwa."

Sikusema mengi. Hotuba niliyoitunga ngazini
niliiacha ngazini.
Nilimpa hesabu: bei ya gari la kuwarudisha watu,
bei ya feni, na bei ya meli kung'oa nanga bila sisi.
Kisha nikanyamaza,
nikakiacha kitambaa kimalizie.

Alikitazama muda mrefu.
Gari, ndiyo. Feni, moja.
Ya pili, akasema, mwezi ujao.

Kushuka ndiko kuzito kuliko kupanda.
Ningeweza kuipaka ile "mwezi ujao" sukari,
wakaimeza, wakafanya kazi,
kisha wasiniamini tena hadi kiyama.
Nikasema: "Gari lipo. Feni ni moja.
Ya pili ni ahadi, nami mwenyewe siiamini sana,
ila tarehe nimeiandika, na nitaidai.
Sasa nawaomba."

Nyevu akacheka kwanza. Sijui kwa nini, nami nikacheka.
Watatu walisema hawawezi;
mmoja ana mgonjwa, wawili hawakutoa sababu.
Niliwaaga kwa majina yao.
Waliobaki walijifunga vitambaa,
na Shufaa akaomba chake.
Kilikuwa bado juu.
Nikampa skafu yangu.

Gunia la mwisho lilipakiwa adhana ya alfajiri ikiita.

Wiki iliyofuata fundi alikuja na spana
kukaza kidato cha tisa.
Nikamwambia: vyote kaza,
hicho kiache.
Walio juu na wajue kuna mtu anapanda.
Walio chini na wasikie
mtu anaporudi.