Mwimo wa Mlango

Kukhu, ufunguo wa nyumba namba hamsini na sita
tunaurudisha Jumatatu.
Karani wa kaunti anasema jina lililo kitabuni ni lako,
na wewe umehama.
"Amehama," ndivyo alivyosema. Sikumkosoa.

Basi leo tumefika Kaloleni sote,
hata Wafula na mguu wake wa plasta,
hata mama mdogo Nelima, asiyesemezana na mama
tangu lile jambo la ng'ombe.
Wameanza kugawana sufuria, kila mmoja pembe yake,
mpaka kikatokea kile kifuniko
kisichowahi kutosha chungu chochote cha humu ndani,
ulichokitunza miaka thelathini
ukisema mwenzake yuko njiani.

Kwako kila mtu alikuwa njiani.
Ulisonga ugali wa waliopo
na wa atakayebisha hodi.
Honi ya treni ya jioni ikilia upande wa Makadara
uliongeza maji kwenye mchuzi
kabla hatujakata kona.
Mikono yako ilinuka omena na sabuni ya kipande.
Ulilipa karo ya watoto ambao hata majina yao hatuyajui,
lakini sisi uliturudisha dukani, usiku, mvuani,
kwa shilingi moja ya chenji.

Hukuwa malaika.
Ulikuwa na kipenzi chako, hilo tunalijua,
na kila mmoja wetu anaamini ni yeye.

Mimi sikufuata sufuria.
Nimeazima msumeno kwa fundi wa Shauri Moyo,
nimeufuata mwimo wa mlango wa jikoni,
pale ulipotusimamisha kila Desemba,
visigino vimegusa mbao, kitabu cha nyimbo utosini,
kipande cha mkaa mkononi mwako.
"Shusha visigino! Mungu anakuona."
Huyu hapa Wafula, mfupi kuliko kitasa.
Huyu Nelima, tayari mrefu, tayari mkaidi.
Huyu Simiyu, mstari mmoja tu,
ambao kila mwaka uliupitishia kidole
kabla ya kutupima sisi tuliobaki.

Kisha mgongo wako ukaanza kuinama,
na binti yangu Nafuna, ana miaka sita, hana haya,
akakwambia, "Kukhu, leo zamu yako."
Ukavua ndara. Ukaegemea mbao.
Ukanyanyua visigino.
Tulikuona sote.
Hakuna aliyemtaja Mungu.

Tangu siku hiyo kukawa na ngazi mbili kwenye mwimo:
yako ikishuka, yake ikipanda,
Desemba hadi Desemba,
hadi hii iliyopita, mlipokutana.
Mstari mmoja wa mkaa, majina mawili.
Ulicheka mpaka ukatafuta pa kukaa,
ukamwambia, "Haya, kuanzia leo tuazimane nguo."
Mwezi wa tatu ilikuja gauni yako ya kitenge
ndani ya mfuko wa karatasi, imekunjwa mara nne,
nasi tukadhani umesahau ni ya nani.

Mbao ni ngumu, Kukhu.
Msumeno unakwama kwenye misumari ya zamani,
vumbi linanijia machoni, na hicho ndicho kisingizio changu.
Nafuna ameshikilia upande wa chini.
Amekwisha kukupita kwa upana wa kidole.
Amejipima mwenyewe, kimya,
nikajifanya natafuta nyundo.

Jumatatu karani atakuta mlango una mwimo mmoja.
Atatutoza. Atoze.

Huko sebuleni sauti zimepanda.
Mama anasema kifuniko ni chake, aliahidiwa.
Nelima anasema aliahidiwa yeye, tena mbele ya mashahidi.
Nimeuweka msumeno chini ili nisikilize.
Wanazozana, Kukhu.
Wanasemezana.