Kiti cha Dirishani

Kila asubuhi nampa jina langu, Ülle,
analipokea kama chenji ya dukani,
analitia mfukoni,
na mfuko umetoboka.

Bi Helju Raudsepp, karani wa posta,
Tartu, dirisha namba nne, miaka thelathini.
Homa ilimpanda ubongoni kiangazi kimoja,
ikatoka na ufunguo.
Bei ya stempu ya kwenda Riga anaijua.
Uji alioumaliza sasa hivi, kijiko kingali mkononi,
haujui.

Namwekea maneno yaliyogeuzwa,
kama yanavyobaki kwenye karatasi ya kukaushia wino:
ndoo. ukungu. shemeji.
Siku ya kwanza, sekunde arobaini kwa neno.
Siku ya tisa, sita.
"Umewahi kuyasoma hivi?"
"Mimi? Katu." Kisha anacheka:
"Kumbe nilizaliwa na kipaji!"
Dokta Kaljuvee hupapenda sana hapo.
Jicho, anasema, lina daftari lake,
halimwonyeshi mwenyewe.

Alhamisi moja ya Februari ilikuja barua kutoka Pärnu.
Kaka yake, Endel, amezikwa.
Ndugu mwingine hana; nikaambiwa nimwambie mimi.
Alikuwa kwenye kiti cha dirishani.
Alilia mpaka miwani ikaingia ukungu,
nikamshika kiwiko, sikujua pengine pa kumshika.
Baada ya dakika ishirini aliitazama leso:
"Nani kamwaga maji?"

Ijumaa akaingia, akapewa jina langu,
akakipita kile kiti.
Akavuta kigoda mpaka kwenye bomba la joto.
"Mbona huko?"
"Pale pana baridi."
Jua lilikuwa limekikalia kiti chote,
hata vumbi lake lilionekana.

Mtenda husahau, wanasema, mtendewa hasahau.
Mimi ndiye mtenda. Nakumbuka mpaka pindo la ile leso.
Na mtendewa je?
Fomu ina safu ya sekunde, safu ya makosa.
Niliandika pembezoni: kiti.
Nikafuta.

Jumatatu akaniuliza, macho yakiwa kwenye maneno yake,
kama Endel hajaandika.
Nikasema labda posta imechelewa.
Akainua kichwa, akanitazama
kwa mara ya kwanza, kama kila siku.
"Binti," akasema, "posta ya Tartu
haichelewi."