Hapana, Hakuna, Hamna

Riwaya ina kurasa mia nne na kumi na mbili.
Ukumbi wa Kaptembwo una taa tatu, moja inakonyeza.
Bi. Rusalina, mjane wa mwandishi, alinikabidhi mswada
umefungwa kwa kanga kama mtoto wa kuombewa,
akasema: Kata utakapokata. Sura ya kwanza usiiguse.

Sura ya kwanza ni kurasa sitini za kutokuwapo.
Jua bado, maji bado, na wa kusema "bado" naye bado.
Marehemu aliiandika kwa subira ya mtu anayechambua mchele
ambao mpunga wake haujapandwa.
Nami nina waigizaji saba, shilingi elfu nne na mia tano,
na vifuniko vya sufuria, ndizo sayari,
nilivyoazima kwa Mama Kerubo wa kibandani
kwa sharti virudi kabla ya chakula cha mchana.

Usiku nikakaa na kalamu.
Nikaandika: "Jukwaani hapana kitu."
Nikasita. Hapana ni pale, pahali pa kuonyeshwa kwa kidole.
Kidole cha nani? Na pale ni wapi, kabla ya pale?
Nikafuta. "Hakuna kitu."
Lakini huku nako ni mahali, kuwe kupana kiasi gani.
Nikafuta. "Hamna."
Basi mna ndani, na ndani ina kuta,
na kuta zilijengwa na nani, kwa udongo upi?
Ewe lugha yangu, mwenye nyumba wa vyumba vitatu,
hujui kumnyima mtu kitu
bila kwanza kumpa chumba cha kukikosea.

Jogoo wa jirani akawika. Ukurasa ulikuwa umechanika kwa kufutwa.

Wafubwa, fundi wa baiskeli, ndiye Giza.
Akataka kujua Giza linaingilia kulia au kushoto.
Nikamwambia Giza haliingii, Giza lilikuwapo.
"Basi nauli yangu utanilipa ya kutoka wapi?"
Nekoye, muuza parachichi, ndiye nyota zote.
Tukajaribu kumrushia unga, ukawa donge.
Tukajaribu vumbi jeupe kutoka Kariandusi,
na ulimwengu ukazaliwa kwa chafya, watu saba kwa pamoja.
Kisha mvua ya Menengai ikashuka juu ya mabati
na Neno la kwanza halikusikika hata safu ya mbele.
"Rudia!" nikapaza sauti. Likarudiwa mara nne.
Mara ya nne sauti ilikuwa imekauka,
na nikaona, kwa aibu kidogo, kwamba ndiyo niliyoitaka.

Siku ya onyesho watu waliketi mapema.
Nyang'au, bawabu, alikuwa bado anafagia jukwaa.
Nilimwashiria atoke. Hakuniona, au alikataa kuniona.
Alifagia kinyumenyume, kutoka pazia la nyuma hadi ukingoni,
ufagio wa makuti ukisema sss, sss,
akifuta nyayo zake mwenyewe kila alipozitia,
mpaka akashuka ngazi, na nyuma yake pakabaki
vumbi limesimama wima katika taa inayokonyeza.
Hakuna aliyekohoa.
Bi. Rusalina alikuwa na mswada mapajani.
Nilimwona akifunua, polepole, jani baada ya jani,
bila kusoma, kama anayefuata mtu asiyetaka kupitwa,
na ufagio uliponyamaza, mkono wake nao ukanyamaza.

Sijui ulikuwa ukurasa wa ngapi. Sikumwuliza.

Baadaye Giza alikanyaga nyota, nyota akacheka,
kifuniko kikubwa kikamtoka mtu mkononi,
kikabingirika jukwaani kikilia, kikazunguka, kikazunguka,
kikaporomoka ngazi, kikatoka mlangoni
mvuani, mtaroni, kikateremka kuelekea ziwani.
Watu wakasimama kukipigia makofi.

Sayari nyingine nilizirudisha saa saba kasoro.
Mama Kerubo akazihesabu, akazihesabu tena.
Maharagwe sasa huyafunika kwa sinia,
na nikipita kibandani huinamisha uso nisalimie haraka:
bado ananidai mwezi.