Mtetea

Siku ya tisa, na sanduku la sabuni halina kitu.
Nimepapasa nyasi mpaka kwenye mbao,
nimekuta unyoya, na joto la jana labda,
au joto la mkono wangu mwenyewe.

Jina lake Behewa.
Yosamu alimwita hivyo kwa mwendo,
alivyokuwa akiyumba kati ya nyumba za reli,
kiuno huku, kiuno kule, shehena imejaa,
wakati treni yenyewe ilikwisha kuwa hadithi hapa Kasese
na mataruma yamemezwa na majani.

Sasa Behewa amesimama.
Upanga wake wa kichwani umepauka kama nyanya ya kiangazi.
Jicho analifumba kutoka chini kwenda juu,
kama mtu anayejivutia shuka.

Bwana Mifugo alikuja na pikipiki, hakuzima injini.
Akamminya tumbo, akachungulia chini ya mkia,
akasema dawa elfu kumi na tano, kuku mwenyewe ishirini,
"Mama Kabugho, piga hesabu."

Nikapiga.
Miaka mitatu nimezipiga kwa chaki mlangoni,
vistari vinne, cha tano kinalala juu yao.
Huyu ndiye daftari za Kabugho,
ndiye sukari, ndiye mafuta ya taa msimu ule
Nyamwamba ulipoondoka na jiko letu.
Hesabu ikakataa kutoka.

Basi nikachemsha maji,
nikayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga,
nikatia chumvi, nikamketisha kwenye karai la bluu.
Akapiga bawa moja, maji yote usoni kwangu,
kisha akajiachia. Manyoya yakalowa, akawa kidogo hivi.
Kumbe unene wote ule ulikuwa hewa!
Nikachovya kidole kwenye mafuta ya kupikia,
polepole, huku namwomba radhi.
Hakuna yai lililokwama.
Hakuna yai.

Shubiri kwa kifuniko cha soda.
Mbegu za papai zilizotwangwa.
Posho laini, tonge kama punje ya harage,
anameza moja, la pili ananitemea.

Jumamosi wifi yangu Masika akateremka kutoka Kilembe
na kikapu cha viazi na maneno yake:
"Kuku asiyetaga ni mboga inayotembea.
Mchinje kabla hajawa mzoga.
Wa nini kumtetea?"

Nikasema, "Mtetea naye nani amtetee?
Na mimi niliacha, wifi, mwaka ule wa mafuriko,
na kaka yako hakunoa kisu."

Masika akacheka mpaka akakaa kwenye ngazi.
Alicheka, akajifuta, akanyamaza.
Kisha akasema maji yale yamepoa,
lete mengine, na kuku nishike mimi,
wewe mikono yako inatetemeka.

Usiku analala jikoni
ndani ya koti la Yosamu la kazi, lile la vifungo vya shaba.
Yosamu analalamika: harufu, chawa, heshima ya koti.
Lakini saa tisa za usiku nimemsikia
kaenda kunywa maji ambayo hakuyanywa,
akinong'ona gizani, "Behewa. Upo?"

Alhamisi, ukungu bado umeukalia mlima,
nikasikia nje: ko, ko, ko, kodaa!
Nikatoka bila kanga ya pili,
nikapiga magoti kwenye sanduku.
Nyasi. Unyoya.

"Limepatikana?" Yosamu, dirishani.
"Hapana."
"Sasa anatangaza nini?"

Amesimama juu ya jiwe la kufulia,
shingo ndefu, manyoya hayajakaa sawa,
anawapigia kelele majirani wote, kulia na kushoto,
hata wale waliokwisha kuhama.
Chaki nilikuwa nayo mkononi.