Sita, Saba, Nane

Aberdeen, Desemba. Saa tisa u nusu, giza.
Eilidh anafungua chungu cha chuma;
mfukoni ana tyubu ya jeli ya kalsiamu,
kwani tindikali hii haibishi hodi kwa ngozi,
huulizia mfupa.

Zirikoni ileile, floridi zilezile.
Juzi ziliizunguka sita, kila kundi kivyake.
Jana saba.
Leo nane, zinagawana ubavu na jirani
mpaka pametokea mnyororo,
fuwele nyembamba kama sindano ya cherehani.

Kilichobadilika ni mgeni:
lithiamu, kisha amonia, sasa potasiamu.
Kaingia, viti vikapangwa upya.

Nasogea kwenye hita, vidole vimekufa ganzi.
Eilidh, bila kutoa jicho kwenye hadubini,
anahama kidogo
nipate kukaa.