Mtoto wa Tatu

Kipya kinyemi, walisema, ingawa kidonda.
Mimi cha kipya sina. Nina elfu kumi na mbili
na kabati la mama limeegemea ukuta wa ukumbi
kama mgeni aliyesahau kuaga.

Lile la dukani Chake nililitazama kwa nje:
vipini vya dhahabu ya uongo, mbao za unga uliogandishwa,
ukilimwagia maji linavimba kama andazi.
Laki nne na nusu.
Nikamwambia muuzaji, "Inshallah,"
naye akajua kuwa ni hapana.

Msasa karatasi nne, mbili kali, mbili laini.
Gundi ya mbao. Vanishi, kikopo cha robo.
Pesa ikaishia hapo.
Rangi sikununua. Shaame, aliyepaka madirisha ya skuli,
alibakiwa na samawati chini ya ndoo,
imeshika ngozi juu kama uji uliopoa.
Nikaitoboa kwa kijiti. Ndani ilikuwa hai.

Jumapili nikalitoa uani.
Mchwa walishauonja mguu wa nyuma,
nikaukata vidole vitatu, nikaunga kipande cha mfenesi.
Bi Mgeni akapita na beseni la nguo:
"Mize, kabati lako linachechemea kama mie."
"Na wewe njoo nikutie gundi."
Alicheka hadi shuka ikamdondoka mchangani,
akarudi kuifua.

Kisha msasa.
Kwanza ikatoka rangi ya maziwa, ya arusi ya kaka.
Chini yake kijani, mwaka wa surua yangu,
nilipolala nikiibandua kwa kucha;
na alama ya kucha bado ipo, ndogo, haijakua nami.
Chini yake hudhurungi.
Chini kabisa mtondoo wenyewe, mwekundu,
ukanukia kama mtu aliyeamshwa kwa jina lake.

Kwetu droo ni mtoto.
Kabati hili lina watoto watatu.
Wa kwanza na wa pili walitoka kwa kuitwa.
Wa tatu, wa chini, alikataa
kama alivyokataa umri wangu wote.
"Mwacheni huyo," mama alikuwa akisema,
tukamwacha, tukidhani ni mvua imemvimbisha.

Nikampaka sabuni ya kipande kingo zote.
Nikamgonga mgongoni kwa kisigino cha kiatu.
Akatoka kwa kelele, mtupu.

Nikampindua nimsugue tumbo,
ndipo nilipoona penseli.
Vijiti vinne vinne, cha tano kikivikata,
safu juu ya safu, na pembeni
mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani:
pishi za karafuu. Fundi Kombo, bado.
Fundi Kombo, bado.
Mvua, sikupanda.
Fundi Kombo, bado kidogo.
Misimu miwili, pishi mia na arubaini na moja,
na mwisho, penseli imekandamizwa hadi ubao umeingia ndani:
LANGU.

Baba aliwaambia wageni, hili nililinunua mimi,
pesa taslimu, siku moja.
Mama alikuwa anatia kahawa.
Hata kikombe hakikugonga kisahani.

Nilikuwa nimeushika msasa mkononi.
Nikauweka chini.
Tumbo lile nimelipaka vanishi tu, mkono mmoja, mwepesi,
penseli isije ikafifia.

Vipini ni vifuu, nimevisugua kwa mchanga,
tundu moja, skrubu moja, kila kimoja na umbo lake.
Samawati imetosha mbele na ubavu mmoja.
Ubavu wa ukutani nimeuacha uchi, nani ataukagua?
Na bado linachechemea, kwa mbali.

Mtoto wa tatu sasa huja kwa kidole kimoja.
Binti yangu Time anataka atie humo daftari zake.
Nimemwambia atie,
lakini kwanza nimempindulia,
nikampa penseli.